Nimepigwa chekimeti hatua ya kumi: je, nibadilishe ufunguzi?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Ngamiani, Tanga. Drafti nimecheza tangu utotoni, na kijiweni kwetu wananiheshimu. Chesi nimeanza mwaka jana, nimejifunzia kwenye simu. Juzi nilishiriki mashindano yangu ya kwanza hapa mjini, dakika 30 kwa kila mchezaji. Mchezo wa pili nilikuwa na kete nyeusi, nikapigwa chekimeti hatua ya kumi huku saa yangu ikiwa bado na dakika 26. Nilizikumbuka hatua nikaziandika: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Nxd5 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Kg8 8.Bxd5+ Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6 chekimeti. Alipokula pale d5 mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye farasi. Nilifundishwa kwamba mwanzoni usichezeshe kete moja mara mbili. Yeye kamchezesha farasi mara tatu na kashinda! Rafiki yangu anasema e5 ni ya watoto, nihamie Sicilian au Caro-Kann, nikariri funguzi kumi ili nisishtukizwe tena. Mashindano mengine ni baada ya miezi miwili. Nikariri? Nibadilishe? Au chesi si mchezo wangu, nirudi kwenye drafti?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupongeze kwa jambo ambalo wengi wenye uzoefu kuliko wewe hawalifanyi. Mchezo wa dakika 30 haumlazimishi mchezaji kuandika hatua zake, lakini wewe umekwenda nyumbani na kipigo, ukakaa, ukazikumbuka zote kumi, ukaziandika bila kosa hata moja. Mtu asiyefaa kwa mchezo huu hafanyi hivyo. Kwa hiyo swali lako la mwisho nimelijibu tayari.

Kwa wasomaji wengine wanaofuatilia: katika maandishi haya K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Alama ya x ni kula, na + ni cheki, yaani mfalme anashambuliwa; chekimeti ni cheki isiyo na pa kukimbilia. Herufi ndogo na namba ni jina la nyumba: a hadi h ni safu kutoka kushoto kwa Nyeupe, 1 hadi 8 ni mistari kuanzia upande wa Nyeupe. Nukta tatu baada ya namba, kama 4...d5, ni hatua ya Nyeusi. Tafadhali tafuteni ubao, au hata drafti la kijiweni lenye nyumba 64, mpange kete na mfuate. Mchezo huu hausomeki kwa macho peke yake.

Ninavyokuelewa, hofu yako ni kwamba umepoteza kwa sababu mwenzako anajua kitabu na wewe hukijui. Nimeupitia mchezo wako zaidi ya mara moja na sikubaliani nawe. Hatua zako nne za mwanzo ni zile zile zinazochezwa na mabingwa wa dunia. Mchezo wako uliharibika mahali pawili, hatua ya tano na hatua ya saba, na pote pawili kilichokosekana si kumbukumbu. Ile ya tano ilichezwa na mkono kabla ya kichwa. Ile ya saba ilichezwa na mtu aliyekwishaogopa.

Ulichokutana nacho kinaitwa shambulio la Maini ya Kukaanga. Waitaliano huliita Fegatello. Linazaliwa ndani ya Ulinzi wa Farasi Wawili, ambao ni tawi la Ufunguzi wa Kiitaliano. Usione aibu kunaswa nalo. Karibu mwaka 1610 huko Roma, mchezaji wa Kiitaliano Giulio Polerio alimtoa farasi kafara pale pale f7, katika nafasi ile ile uliyokuwa nayo wewe, akashinda. Tofauti ni kwamba mpinzani wake alimpeleka mfalme e6 badala ya g8, akavumilia mpaka hatua ya 21. Zaidi ya miaka 400 watu wanaangukia shimo hilo, na wataendelea kuangukia.

Sasa tuangalie kwa nini f7, kwa sababu ukilielewa hili hutahitaji kukariri nusu ya unavyodhani. Panga kete zote kama mchezo haujaanza, kisha uliza swali moja kwa kila askari wako mweusi: nani anamlinda? Askari wa a7 analindwa na ngome. Wa b7 ana askofu wa c8. Wa c7 ana malkia. Wa d7 ana watu wanne: malkia, mfalme, askofu na farasi wa b8. Wa e7 naye ana wanne. Wa g7 analindwa na askofu wa f8, wa h7 na ngome. Anabaki yule wa f7, na mlinzi wake ni mfalme peke yake. Mfalme ndiye mlinzi dhaifu kuliko wote, maana hawezi kula kete ambayo ina mwenziwe nyuma yake. Akishambuliwa f7 mara mbili, ulinzi wa mfalme unakuwa haupo kabisa. Ile chekimeti ya hatua nne ambayo watoto wa shule wanapigana nayo inategemea nyumba hiyo hiyo. Upande wa pili wa ubao udhaifu huo uko f2.

Askofu wa mpinzani wako alipokwenda c4 alikuwa anaitazama f7 kwa mstari ulionyooka: c4, d5, e6, f7. Huo peke yake haukuwa mzigo mzito. Farasi alipotua g5, f7 ikawa na washambuliaji wawili na mlinzi mmoja. Hapo ndipo ile kanuni yako ya kutochezesha kete moja mara mbili inapoomba ruhusa ya kukaa pembeni. Kanuni hiyo ni ya kweli, na sababu yake ni kwamba kila hatua ya mwanzo inatakiwa itoe kete mpya nje. Anayerudia kete moja anachelewesha jeshi lake. Lakini anaweza kuchelewa kwa faida kama kuna kitu mahususi cha kukamata. Mpinzani wako alilipa muda ili apate f7. Kazi yako ilikuwa kuhakikisha amelipa muda na f7 hakuipata. Na kwa hatua moja nzima uliifanya kazi hiyo vizuri kabisa: 4...d5 ndiyo hatua sahihi, kwa sababu inaziba njia ya askofu. Sijui kama uliifikiria au uliiona mahali, lakini ni nzuri.

Halafu akala: 5.exd5. Na mkono wako ukaenda wenyewe.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo penye jibu la swali lako lote. Wewe ni mtu wa drafti. Kwenye baraza zetu, vizibo vya soda vikishapangwa, kula ni lazima. Kete ikiwa wazi unaila, upende usipende, na fundi wa drafti anaishi kwa sheria hiyo: anakulisha moja, anakulisha ya pili, unajikuta kete yako imesimama mahali ambapo yeye anavuna tatu na kuingia kingi. Nina hakika umewafanyia watu hivyo mara nyingi. Askari wa d5 alikuwa amekulisha kwa namna hiyo hiyo. Ulipomla kwa farasi wako wa f6, mlinzi wako mkuu wa upande wa mfalme aliondoka, na akasimama d5, kwenye mstari ule ule wa askofu, ambako atashambuliwa na kila anayekuja. Tofauti moja tu ipo kati ya michezo hii miwili, nayo ni kubwa: kwenye chesi hulazimishwi kula, isipokuwa pale ambapo kula ndiyo hatua pekee halali uliyo nayo, kwa mfano ya kuiondoa cheki. Ulikuwa na haki ya kumwangalia yule askari na kumwacha.

Hatua iliyo bora hapo ni 5...Na5. Farasi wa c6 anakwenda pembeni, jambo ambalo kwa kawaida tunalikataza, lakini anamshambulia askofu wa c4, yule yule mwenye mradi wote. Mchezo wa kawaida unaendelea 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Be2 h6 9.Nf3 e4. Tazama kilichotokea: askofu amekimbia mara mbili, farasi amefukuzwa g5 amerudi f3, na sasa askari wako wa e4 anamfukuza tena. Nyeupe ina askari mmoja zaidi. Wewe una muda, njia zilizo wazi na kete zinazotoka kwa kasi. Wataalamu wamebishana kuhusu biashara hii kwa vizazi. Mwaka 1890 hadi 1891, Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia wa wakati huo, akiwa Marekani, alicheza na Mikhail Chigorin aliyekuwa Urusi, hatua zikisafiri kwa telegrafu. Steinitz alimrudisha farasi wake h3 katika hatua ya tisa, Chigorin akaushinda mchezo huo kwa kete nyeusi. Mwaka 1963 Bobby Fischer aliifufua hatua ile ile ya Steinitz katika mashindano ya jimbo la New York, akamshinda Arthur Bisguier. Mambo hayajafungwa hadi leo, na kwangu hilo ni ushahidi kwamba nafasi ya Nyeusi ni halali.

Kuna jambo la mkono nalo lisiachwe. Katika mashindano, kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza ni lazima uicheze kama ina hatua halali. Ukitaka kuiweka sawa tu kwenye nyumba yake, sema kwanza "narekebisha", kisha gusa. Kwa hiyo mkono wako ulipomshika farasi wa f6, hata kama sekunde ile ile ungeiona Na5, ilikuwa imechelewa. Kwenye simu mazoea haya hayajengeki, maana kidole kinagusa popote na hakuna mwamuzi. Ukirudi mashindanoni, weka mikono mapajani au chini ya makalio mpaka umeamua. Nawaambia hivyo watu wazima na watoto, na sioni aibu kulirudia.

Pia, mwanangu, dakika 26. Mpinzani wako alimtoa farasi kafara, mfalme wako akatolewa nje, na wewe ulikuwa unajibu kwa kasi ya kijiweni. Sikulaumu, kwa sababu drafti letu huchezwa kwa maneno na haraka, na anayefikiria sana anazomewa. Ukumbi wa chesi hauzomei. Jiwekee kawaida hii: kete ya mpinzani ikivuka kuingia nusu yako ya ubao, simama. Tumia dakika mbili nzima hata kama jibu unaliona. Farasi wa g5 alikuwa ameshavuka.

Twende hatua ya saba. Baada ya 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ ulikuwa na farasi wa ziada, mfalme wako yuko f7, na farasi wako wa d5 anashambuliwa na askofu pamoja na malkia. Uliona mfalme yuko nje ukataka kumrudisha nyumbani, ukampeleka g8. Fuata mstari wa askofu kwa kidole: c4, d5, e6, f7, g8. Ulimrudisha mfalme kwenye mstari ule ule! Kwa hiyo askofu alipomla farasi wa d5 alimla kwa cheki, na mfalme wako pale g8 alikuwa amezungukwa na watu wake mwenyewe: ngome h8, askofu f8, askari g7 na h7. Hapo hapakuwa na wokovu tena. Hata ungeweka askofu e6 hatua ya nane badala ya kula kwa malkia, 9.Bxe6 ni chekimeti vilevile, hatua moja mapema.

Ungefanya nini? Ungeweza kwenda 7...Ke8. Nyeupe anajibu 8.Bxd5, anarudisha farasi wake na anatishia chekimeti f7. Unajibu 8...Qf6, unapambana. Umepungukiwa askari mmoja, haki ya kaslingi imekwenda (kaslingi ni kile kitendo cha mfalme kusogea nyumba mbili na ngome kumruka), lakini mchezo upo. Au ungejikaza ukaenda 7...Ke6, mfalme katikati ya uwanja kama alivyofanya yule mpinzani wa Polerio, kwa sababu hapo mfalme na malkia wote wanamlinda farasi wa d5. Baada ya 8.Nc3 farasi huyo anashambuliwa na watatu, kwa hiyo unaongeza mlinzi wa tatu: 8...Ncb4 au 8...Nce7. Inawezekana kuishi hapo. Ila nikuambie wazi, nisingemshauri mtu wa mwaka mmoja aingie huko kwa hiari. Nyeusi inatakiwa ipate hatua sahihi kila mara, wakati Nyeupe anacheza kwa raha. Isitoshe, Nyeupe halazimiki hata kumtoa farasi kafara mara moja. Baada ya 5...Nxd5 anaweza kutangulia na 6.d4, shambulio linalobeba jina la Lolli wa Modena, na wengi wetu tunaliona ni kali zaidi. Kwa hiyo 5...Nxd5 iweke kabatini.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Anaposema e5 ni ya watoto, anakosea. Ufunguzi wa Kiitaliano unachezwa na wachezaji wakubwa kabisa hadi leo, pande zote mbili. Watoto wanafundishwa nao kwa sababu kila hatua yake ina sababu inayoonekana, na hiyo ni sifa. Caro-Kann, yaani 1...c6, ni ulinzi imara, Sicilian, 1...c5, ni mkali na una matawi mengi mno. Ukihamia huko utakutana na mitego mingine yenye majina mengine, na mkono wako utakuwa ule ule. Sikuzuii kujifunza Caro-Kann mwakani. Lakini kubadilisha sasa kwa sababu ya mchezo mmoja ni kukimbia, na miezi miwili haitoshi kukimbia na kufika.

Kwa hiyo nakuona una njia tatu za maana ndani ya e5. Ya kwanza ni kubaki na 3...Nf6 na kujifunza 5...Na5 vizuri. Faida yake ni kwamba utapata mchezo wa uhai, na wapinzani wengi wa ngazi yako wataishiwa maarifa baada ya hatua ya nane. Gharama yake ni kucheza ukiwa na askari pungufu, na kuna watu roho yao haitulii hivyo. Wewe ndiye unayejijua.

Ya pili ni kujibu 3...Bc5. Hii ndiyo ninayokupendekezea kwa mashindano yanayokuja. Kwa nini? Farasi wako wa g8 bado hajatoka, kwa hiyo malkia wako wa d8 anaitazama g5 bila kizuizi, mpinzani akithubutu 4.Ng5 unamla farasi huyo tu kwa malkia, bure. Ukishatoa farasi f6 baadaye, mara nyingi utakuwa tayari kwa kaslingi. Chukua mfano 4.d3 Nf6 5.Ng5: hapo unafanya kaslingi upande mfupi, na f7 sasa inalindwa na ngome pamoja na mfalme. Wengi watakula kwa pupa, 6.Nxf7 Rxf7 7.Bxf7+ Kxf7. Hesabu kwa zile alama tunazofundishana, farasi 3, askofu 3, ngome 5, askari 1: wametoa 6 wamepata 6. Karatasi inasema sawa. Ubao unasema hapana, maana farasi na askofu wao waliokuwa kazini wamekwisha, na ngome uliyopoteza wewe ilikuwa haijafanya chochote. Wewe una askofu na farasi wa kushambulia, wao wana ngome zilizolala pembeni. Wakati huo wa mchezo, Nyeusi ndiyo yenye furaha.

Utakutana pia na 4.c3, akijiandaa kusukuma d4. Endelea 4...Nf6, na akija 5.d4 exd4 6.cxd4, usirudi nyuma, piga 6...Bb4+. Akiziba kwa 7.Bd2, badilishana 7...Bxd2+ 8.Nbxd2, kisha 8...d5 inawavunja askari wake wa katikati kabla hawajakuponda. Ile d5 ni hatua ya kukumbuka: katika ufunguzi huu wote, Nyeusi ikifanikiwa kusukuma d5 kwa wakati mzuri, kwa kawaida matatizo yake yamekwisha. Na kuna siku mtu atakutolea askari wa b4 hatua ya nne. Hiyo ni kafara ya nahodha William Davies Evans, baharia wa Wales aliyeibuni katika miaka ya 1820. Mji wa bandari kama Tanga ungempenda. Usiidharau kwa uzee wake. Mwaka 1995 huko Riga, Garry Kasparov aliicheza dhidi ya Viswanathan Anand akamaliza kazi kwa hatua 25. Wewe kumbuka somo la drafti: hulazimishwi kula. Rudisha askofu b6 kwa utulivu, mchezo unaendelea.

Njia ya tatu ni 3...Be7. Imetulia, g5 imefungwa, hakuna Maini wala Figo. Lakini kete zako zinabanana, na utaanza kila mchezo ukijitetea. Naitaja kwa ajili ya mtu ambaye hofu yake bado ni kubwa.

Mtandaoni utaona pia watu wakisifu 4...Bc5 baada ya Ng5, yaani kuipuuza f7 kabisa na kungoja kumpiga Nyeupe f2. Hilo ni la Karel Traxler, padri wa Kicheki aliyelicheza mwaka 1890. Ni zuri kulitazama, na linashinda sana michezo ya dakika tatu. Lakini Nyeupe mwenye maarifa atakula f7 kwa askofu badala ya farasi, na wewe utabaki na mfalme asiye na kaslingi na askari pungufu. Kwenye mashindano sikushauri.

Je, ukariri? Kidogo, na baada ya kuelewa. Chukua nafasi moja, ile ya baada ya 5.exd5, na nyingine ya baada ya 3...Bc5. Tafuta mwenzako kijiweni, mfundishe kete zinavyokwenda kama hajui, muicheze nafasi hiyo mara nyingi mkibadilishana rangi. Ukicheza upande wa Nyeupe ndipo utaona f7 inavyotamanisha, na utajua unachotakiwa kumnyima mpinzani. Kila mchezo ukiisha, jadilianeni wenyewe kwanza, ndipo muifungue programu ya simu. Programu itakuambia hatua fulani ni mbaya kwa alama mbili na nusu. Haitakuambia mkono wako ulitangulia kichwa. Hilo utaliona wewe, au mtu aliyekaa mbele yako.

Drafti usiliache. Limekupa jicho la kuhesabu mbele, na watu waliojifunza chesi bila drafti wanahangaika miaka kupata hesabu hiyo. Ila angalia mazoea mawili: la kula, ambalo tumelizungumza, na la kwenda mbele tu. Kete ya drafti isiyo kingi hairudi nyuma, kwa hiyo wachezaji wenu huona kurudi ni kushindwa. Kwenye chesi ni askari peke yake asiyerudi. Farasi akirudi f6 kutoka d5 kwa sababu nzuri, hajashindwa chochote.

Neno "chekimeti", najua linavyouma. Ushauri wangu ni umtafute yule mpinzani. Mwambie mkae na ubao, akuonyeshe alifikiri nini alipomtoa farasi. Wachezaji wa chesi karibu wote hupenda kuulizwa hivyo, na mara nyingi utagundua naye aliogopa.

Na uso kwa uso unahitaji mwalimu lini? Maandishi kama haya yanatosha kwa mchezo mmoja. Ikiwa katika miezi hii miwili utajikuta unapoteza kabla ya hatua ya 15 mara kwa mara ingawa unatumia saa yako, kuna kitu katika namna unavyotazama ubao ambacho siwezi kukiona kutoka huku, na kinahitaji mtu akae kando yako unapocheza. Waulize waamuzi wa mashindano yale. Wao ndio wanaojua nani anafundisha wapi, na shule kadhaa zina walimu wanaosimamia chesi baada ya masomo. Na kama ukikaa mbele ya ubao mikono inatetemeka, usingizi unakupaa usiku wa kuamkia mchezo, au kushindwa kunakuondolea hamu ya kula kwa siku nyingi, hilo halihusu ufunguzi. Zungumza na mtu mzima unayemwamini nyumbani, au mtaalamu wa afya, kabla ya kujiandikisha tena.

Ukimpata mwalimu, usimpelekee michezo uliyoshinda kwa wepesi. Mpelekee huu, na mwingine mmoja uliotoka sare ukiwa umechoka, vyote vikiwa vimeandikwa hatua kwa hatua, na pembeni mwa kila hatua dakika zilizokuwa zimebaki kwenye saa yako kadiri unavyozikumbuka.